Neno "border": lilianzia kwenye pindo la nguo, likapanda baiskeli Busia

Abiria anayeshuka kwenye matatu mjini Busia, upande wa Kenya, hulisikia kabla hajachukua mzigo wake: boda, boda, boda. Linatoka kwa vijana waliokaa juu ya pikipiki, linatoka kwa wazee wachache ambao bado wana baiskeli, na ng'ambo ya pili, upande wa Uganda, linatoka vilevile kwa lafudhi iliyobadilika kidogo tu. Hakuna kati yao anayedhani kwamba anasema Kiingereza, na kweli hasemi Kiingereza tena. Lakini hatua chache kutoka hapo yuko ofisa wa uhamiaji ambaye nyaraka zake zina neno hilohilo, limeandikwa "border", na kwake maana yake ni mahali ambapo mamlaka ya nchi moja hukoma na ya nchi nyingine huanza.

Neno la ofisini humsimamisha mtu aonyeshe karatasi. La barabarani humbeba avuke. Namna neno moja lilivyofika kwenye kazi mbili zinazopingana hivyo ni habari ya zaidi ya miaka 600, na haikuanzia kwenye ardhi kabisa.

Waingereza walilipata neno hilo kutoka kwa Wafaransa katikati ya karne ya 14. Wakati huo liliandikwa "bordure", na halikuhusu nchi wala askari. Lilikuwa neno la mafundi: mshono wa ukingoni mwa nguo, au utepe wa rangi uliozunguka ngao ya mtu wa ukoo mkubwa. Wataalamu wa nembo za koo huko Uingereza bado wanaliandika kwa tahajia hiyo ya kale, kana kwamba hakuna kilichopita tangu siku za mashujaa wa farasi.

Mswahili anayetaka kuielewa maana hiyo ya kwanza hahitaji kamusi nene. Akunjue kanga. Kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yanayosomwa na kila mtu isipokuwa yule anayelengwa, ambaye hujifanya hakuyaona. Pindo la kanga ndilo "border" ya asili. Halipo kwa ajili ya kuuzuia mji usitoke. Lipo ili kanga ionekane imekamilika, na mnunuzi wa Kariakoo au wa Mombasa hulitazama pindo kwa makini kama anavyoutazama mji wenyewe. Waliozipa sehemu hizo majina, wakaita katikati "mji" na ukingoni "pindo", walikuwa na picha ya nchi vichwani mwao kuliko wachora ramani wengi.

Wafaransa nao hawakulibuni neno hilo. Walilichukua kwa watu wa lugha za Kijerumani za kale, ambao walikuwa na neno "bord", yaani ubavu au ukingo, hasa ubavu wa chombo cha baharini. Kiingereza chenyewe kilikuwa nalo tayari, na ndilo lililosaidia kuzaa neno "board": ubao, meza ya chakula, kisha watu wanaoketi kuizunguka meza hiyo na kuamua mambo. Kwa hiyo Bodi ya Kahawa na boda ya Busia ni mtu na binamu yake, ingawa hazijuani. Bodi ya gari haimo katika ukoo huo. Hiyo imetoka kwenye neno jingine la Kiingereza lenye maana ya mwili, na ni Kiswahili kilichoyakutanisha maneno hayo mawili mlangoni na kuyavika shati moja.

Maana ya pindo haijafa katika Kiingereza. Mwanamke wa London anayepanda maua kando ya ukuta wa bustani yake husema ana "border" ya maua. Mchapishaji huweka "border" kuzunguka tangazo la kifo gazetini. Daktari akiona kipimo cha sukari kimefika ukingoni, hakijawa ugonjwa wala hakijawa salama, husema ni "borderline". Na mtu akisema jambo fulani linafanya "border" na wazimu, ana maana kwamba limekaribia kufika huko. Katika matumizi yote hayo neno halitengi. Linaeleza mahali ambapo vitu viwili vinagusana.

Kilicholibadili tabia ni vurugu za Uingereza na Uskoti.

Mstari kati ya falme hizo mbili ulikubaliwa kwa mkataba uliotiwa saini York mwaka 1237. Ajabu ni kwamba kwa karibu miaka 300 baada ya hapo hakuna aliyeuita "border". Waliita eneo hilo "march", neno la zamani lenye maana ya alama ya mwisho wa nchi. Ni katika miaka ya 1530 ndipo maandishi ya Kiskoti yanapoonyesha neno la pindo la nguo likitumika kwa ardhi, na hata hapo lilitumika kwa wingi, "the Borders", kwa maana ya ukanda mzima wa nchi wenye watu, mifugo na makanisa ndani yake. Lilikuwa eneo la kuishi, mstari ulikuwa kitu kingine.

Maisha ya eneo hilo wafugaji wa Afrika Mashariki wangeyatambua mara moja. Koo zilivuka usiku kuiba ng'ombe, zikavuka tena kulipiza kisasi, na mara nyingi ukoo mmoja ulikuwa na ndugu pande zote mbili. Sheria za eneo, zilizoandikwa mara ya kwanza mwaka 1249, zilikuwa na utaratibu wake. Aliyeibiwa aliruhusiwa kuvuka kufuata mifugo yake upande wa pili, mradi afanye hivyo hadharani, akiwa amechomeka donge la udongo unaofuka moto kwenye ncha ya mkuki, ili kila mtu ajue kwamba yeye ni mfuatiliaji na si mwizi. Kulikuwa na kipande cha ardhi kilichobishaniwa kiasi kwamba falme zote mbili zilishindwa kukitawala, na mwaka 1552 ilibidi balozi wa Ufaransa ahusike ndipo kikagawanywa. Kiingereza kiliokota huko neno jingine ambalo leo limeenea duniani kote, "blackmail". Hiyo ilikuwa kodi ambayo mkulima aliwalipa wavamizi ili wamwache alale.

Mwaka 1603 Malkia Elizabeth wa Kwanza alifariki dunia bila mtoto, na mfalme wa Uskoti, James wa Sita, akarithi kiti cha Uingereza pia. Nchi mbili zikawa na mfalme mmoja. James akaona kwamba kama nchi ni zake zote, basi hakuna ukingo tena, kuna katikati. Akaagiza eneo hilo lisiitwe "Borders" bali "Middle Shires", wilaya za katikati. Hakuishia kwenye jina. Wavamizi walinyongwa kwa wingi, na watu wa ukoo wa Graham walichukuliwa kwa nguvu na kupelekwa Ireland. Amani ilikuja baada ya miaka, na ilikuja kwa gharama hiyo.

Jina jipya, hata hivyo, lilikataliwa na ndimi za watu. Mfalme alikuwa na mhuri, gereza na kamba ya kunyongea, lakini hakuweza kuwafanya wachunga kondoo waseme "Middle Shires". Leo Uskoti ina eneo la utawala linaloitwa Scottish Borders, na mbwa mashuhuri wa kuchunga kondoo aliyezaliwa katika vilima hivyo anaitwa Border Collie. Jina la James limebaki kwenye vitabu vya historia.

Neno lilipopanda meli kuja Afrika lilikuwa limeshazoea mambo ya dola. Kwa wanasheria lilikuwa na wenzake wawili. "Boundary" ni mstari wenyewe, ule wa kwenye ramani, usio na upana. "Frontier", kutoka neno la Kifaransa lenye maana ya paji la uso, ni upande ambao nchi inaugeuzia uso wake, na Wamarekani walilitumia kwa ardhi ambayo walowezi walikuwa wakisonga mbele kuichukua. "Border" ilibaki pale ambapo watu wanakutana na mstari: mji, barabara, lango, foleni. Ndiyo sababu nyaraka za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinapotaja vituo vya forodha hutumia "border", na zinapotaja mawe ya alama hutumia "boundary".

Mstari wenyewe katika eneo hili ulichorwa kwa haraka. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 yaliutoa pwani, karibu na mdomo wa Mto Umba, hadi Ziwa Victoria. Unakwenda moja kwa moja kama uliopigwa kwa rula, ila unapofika Kilimanjaro unapinda kuuzunguka mlima kwa upande wa kaskazini. Kama kuna mahali ambapo mpaka wa Kenya na Tanzania una pindo, ni hapo. Mpaka wa Kenya na Uganda ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa pande zote zilikuwa chini ya Mwingereza mmoja. Hadi mwaka 1902 Uganda ilifika karibu na Naivasha. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, ilikuwa imefika Uganda kwa hesabu ya wakati ule, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuitwa Reli ya Uganda ingawa leo njia yake ya mwanzo yote iko Kenya. Mwaka uliofuata, jimbo la mashariki la Uganda lilihamishiwa Kenya kwa amri ya kiofisi. Maelfu ya watu walilala Uganda wakaamka kwingine bila kuhama kitanda.

Wasamia wakabaki na ndugu pande zote mbili. Wateso vilevile. Busia ikawa miji miwili yenye jina moja. Malaba vivyo hivyo. Namanga, huko kwa Wamaasai, vivyo hivyo. Wakuu wa nchi za Afrika walipokutana Cairo mwezi Julai 1964 waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, kwa hofu kwamba kuigusa mmoja ni kuigusa yote.

Sasa ndipo baiskeli inapoingia. Katika Busia ya miaka ya 1960 na 1970, kituo cha Kenya na kile cha Uganda vilikuwa vimeachana kwa karibu kilomita moja, na katikati hapakuwa pa mtu. Basi halikuvuka bila nyaraka. Abiria alishuka upande mmoja na kutakiwa kutembea, juani, na mzigo kichwani, hadi upande wa pili. Vijana wenye baiskeli nyeusi nzito, zile zenye keria imara nyuma, wakashonea sponji juu ya keria na kuanza kuwaita wasafiri: "border, border". Kinywa cha mtu wa Busia kikaliondolea neno ile miguno ya mwisho, kikaliongeza maradufu kama ambavyo Kiswahili hufanya katika polepole na mbalimbali, na likatoka boda boda. Maana yake ikawa kutoka boda hii hadi boda ile.

Miaka hiyo haikuwa ya amani. Chini ya Idi Amin bidhaa za kawaida zilipotea Uganda, na wananchi wakaishi kwa magendo. Kahawa ya Uganda ilivuka usiku kwenda Kenya, na soko la Chepkube, Bungoma, likapata sifa ambayo wazee wa huko bado wanaisimulia wakitikisa kichwa. Waliojua njia za panya walikuwa na faida kuliko waliojua sheria, na baiskeli hupita kwenye njia ya panya ambako lori haliwezi. Mnamo 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Namanga ilifungwa hadi mwaka 1983. Kwa hiyo katika miaka ileile, Mwingereza aliyefungua kamusi yake angekuta neno moja tu. Kule Namanga neno hilo lilikuwa lango lililofungwa kwa minyororo ya siasa, na kule Busia lilikuwa kiti cha sponji chenye nafasi ya mtu mmoja.

Lilikopita baada ya hapo kila mkazi wa eneo hili anakujua. Miaka ya 1990 pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli Kampala. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi kwa pikipiki ndogo na vijana wakazinunua kwa maelfu. Dar es Salaam haina mpaka na nchi yoyote, ila bahari, lakini ina bodaboda katika kila kona, na Juba inazo. Jina limehama kutoka kwenye chombo hadi kwa mtu anayekiendesha, na wodi za mifupa zinayajua matokeo yake kuliko kamusi. Kamusi za Kiingereza nazo zimelipokea. Neno lililoondoka kwa mafundi wa nguo wa Ulaya limerudi kwao likiwa na tahajia ya Busia na maana ambayo Mwingereza lazima aelezwe.

Rwanda, Burundi na Kongo hawakulipokea kwa namna hiyo. Huko Mbelgiji aliacha Kifaransa, na pikipiki ya abiria inaitwa moto au taxi-moto. Mahali pa kuvukia kati ya Goma na Gisenyi panajulikana kwa jina la "petite barrière", kizuizi kidogo, ingawa ni miongoni mwa njia zinazopitwa na watu wengi zaidi kwa miguu katika Afrika nzima. Wengi wao ni wanawake wenye nyanya, unga na vitenge, wanaovuka asubuhi na kurudi jioni. Wanaita kizuizi mahali ambapo wanapata riziki. Wanyarwanda wana neno lao "umupaka", ndugu wa damu wa mpaka wa Kiswahili. Waganda husema "ensalo", neno lenye sauti ya kitenzi chao cha kukata.

Uzito wa maneno haya unaonekana pale lango linapofungwa. Mwisho wa Februari 2019 kituo cha Gatuna, kinachoitwa Katuna na watu wa ng'ambo, kilifungwa kutokana na mvutano wa Rwanda na Uganda. Herufi moja tu inatenganisha majina ya pande hizo mbili. Kilifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu baadaye, na wakati wote huo Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilikuwa hai kwenye makaratasi. James wa Sita angeitambua hali hiyo. Jina la kuunganisha lilikuwepo na mhuri wake, ila barabara ilikuwa na kizuizi.

Kwingineko lango limekuwa jepesi. Rusumo ilipata daraja jipya na kituo cha pamoja, vilivyozinduliwa na marais wa Rwanda na Tanzania Aprili 2016. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa Februari 2018, na cha Namanga Desemba mwaka huohuo. Msafiri sasa husimama mara moja tu, upande anaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za eneo hili zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kutumia hati rahisi ya uasili inayotolewa palepale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Wengi wa wanaostahili hati hiyo ndio wanaoendelea kupita kwenye njia za panya, wakihofia kitu ambacho sheria imeshakiondoa. Sehemu ya hofu hiyo ni ya lugha. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya, ilivyoandikwa mwanzoni, ilisema Kiingereza ndiyo lugha rasmi na Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano. Mama wa ndizi hajawahi kusikia jina refu la Kiingereza la kituo kile. Anajua boda, na anajua mwenzake aliyenyang'anywa mzigo huko mwaka fulani.

Ukweli ni kwamba Kiswahili kina neno ambalo lingemweleza vizuri kuliko la kukopa. Mpaka ni mwisho wa shamba, mwisho wa nchi, mwisho wa uvumilivu. Mtu asiye na adabu huambiwa hana mipaka. Lakini neno hilohilo, bila kubadilisha herufi hata moja, ndilo linalomfikisha mtu: amesafiri kutoka Mombasa mpaka Kampala, amesubiri mpaka jioni. Mzungumzaji wa Kiswahili hulitamka mara kadhaa kwa siku kwa maana ya kufika na mara moja kwa mwezi kwa maana ya kuzuiwa. Kiingereza hakina bahati hiyo. Kililazimika kulitoa neno lake kwenye nguo, kulipitisha kwenye vita vya ng'ombe vya Uskoti, na kulileta hadi kwenye vumbi la Busia ndipo likajifunza kuvusha watu.

Tangu kituo cha pamoja kifunguliwe, wenye baiskeli wa Busia wamepungua, lakini hawajaisha. Wanabeba magunia ya dagaa, wazee, wanafunzi wa shule, na wageni wasiojua bei. Mgeni akipanda na kusema apelekwe boda, mwenye baiskeli humwuliza swali moja kabla ya kukanyaga pedali: ya huku, au ya ng'ambo?